Kabla hujaandika "due to", iulize ngeli kwanza

Kusi, ule upepo wa kusini, ikishaanza kuvuma, mwezi wa nne kwenda wa tano hivi, mimi hapa saiba, kwenye kazi yangu ya kuwachapia watu barua na notisi, najua neno "due to" nitalichapa mpaka vidole vichoke. Bahari ikichafuka safari zinaahirishwa, na safari zikiahirishwa kila mtu anataka karatasi, mwenye boti anataka notisi ya kubandika jeti ya Mokowe kule bara, mwalimu anataka barua ya kuwaambia wazazi kwa nini mitihani imesogezwa, kijana wa hoteli kule Shela anataka imeili ya kumuomba radhi mgeni aliyengojea boti masaa mawili juani. Wote wanakuja na maneno yao yashaandikwa kwa kalamu, na aghlabu yanaanza hivo hivo, due to, due to, due to.

Sasa nataka nilieleze hili jambo taratibu, manake nimeona watu wa hapa kwetu Amu, yaani Lamu, wanaandika Kiingereza kizuri kabisa halafu wanakatwa maksi ama barua zao zinarudishwa na wino mwekundu kwa ajili ya haya maneno madogo ya kusababisha, na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili chetu kinaijua hii sheria tangu zamani, ni sisi tu hatujakiuliza.

Mimi mwenyewe nilifunguliwa macho na notisi moja. Niliichapa hivi: "The 7 a.m. boat has been cancelled due to strong winds." Nikaibandika, nikarudi zangu. Jioni baada ya Magharibi nimekaa barazani, akapita mzee mmoja aliyefundisha Kiingereza miaka mingi, akanisalimia, akakaa, akanambia, "Mwanangu, ile notisi yako nimeiona. Hebu nambie, ile due to yaeleza neno gani?" Nikamwambia inaeleza kwa nini boti haikwenda. Akasema, "Hilo nalijua. Mimi nakuuliza neno. Nionyeshe kwa kidole." Nikaipitia sentensi kichwani, neno nikalikosa. Boti? Boti haikusababishwa na upepo, boti imeundwa na fundi. Upepo? Upepo haujajisababisha wenyewe. Mzee akainuka akasema, "Ndo hivo basi. Kivumishi kisokuwa na nomino ni kama punda asokuwa na mwenyewe, kila mtu amuona apita lakini hajulikani wa nani."

Maneno yake ndo sheria yenyewe. Kwa kanuni ya zamani "due to" inaanzisha kirai kivumishi, yaani kazi yake ni kueleza nomino, na "because of" inaanzisha kirai kielezi, kazi yake ni kueleza kitenzi ama sentensi nzima. Kwa hivo ukitaka kuandika "due to" lazima kuwe na nomino inayoweza kusimama ikasema mimi ndo niliyesababishwa. "The delay was due to low tide", hapa kuna "delay", sawa. "Delays due to low tide are common in this channel", hapa pia "delays" ipo, na kirai kimekaa nyuma yake kabisa, sawa. Lakini "The boat delayed due to low tide"? Hapo kuna boti na kuna kitendo, nomino ya huko kucheleweshwa haipo, kwa hivo andika "The boat was delayed because of low tide". (Na kuwa makini na hiyo "The boat delayed", Kiingereza kinataka "was delayed", sisi tunaitafsiri kutoka "boti ilichelewa".)

Na neno lenyewe ukilijua asili yake utaelewa kwa nini linang'ang'ania nomino. "Due" limetoka Kifaransa cha kale, na huko nyuma zaidi Kilatini, kwenye kitenzi cha kudaiwa. Mpaka leo wanasema "the money due to the captain", pesa anazodai nahodha. Kwa hivo "the delay was due to the tide" asili yake ni kama kusema kule kuchelewa kunadaiwa na maji. Deni lazima liwe la mtu. "Owing to" nayo ni ya deni vile vile, imetoka kwa "owe", ila yenyewe ilishaachiwa zamani ikatembea kama kielezi, ndo maana hata wakali wa sarufi wanakubali "Owing to strong winds, the boat was cancelled". Ni ya kirasmi kidogo, mimi naiweka kwenye barua za ofisi, kwenye notisi ya jeti hapana.

Sasa njoo kwenye ngeli, hapa ndo nataka tukae.

Kiswahili tuna kitenzi "tokana". Kikiwa kinaeleza nomino lazima kivae kiambishi cha ile nomino. Hasara ilitokana na kusi. Ucheleweshaji ulitokana na maji kupwa. Matatizo yalitokana na mvua. Vifo vilitokana na ajali. Unaona, i, u, ya, vi, kila moja imevaa nguo ya mwenyewe. Hizi zote kwa Kiingereza ni "due to" bila wasiwasi: "The loss was due to the winds", "The delay was due to low tide", "The problems were due to the rain", "The deaths were due to an accident". Ukitaka kuziweka ndani ya sentensi ndefu zinakuwa hasara iliyotokana na kusi, ucheleweshaji uliotokana na maji kupwa, bado ngeli ipo, bado ni "due to".

Halafu tuna "kutokana na" iliyosimama tupu, haijavaa kitu. "Kutokana na upepo mkali, boti haitasafiri." Hiyo haielezi nomino, inaeleza habari nzima, na kwa Kiingereza ni "because of" ama "owing to". Hapa ndo mtego wetu ulipo, manake kitenzi ni kimoja, mtu anaona "kutokana na" anaitia "due to" kila mahali. Basi kipimo ni hiki: chukua sentensi yako, igeuze Kiswahili, halafu lazimisha "tokana" ivae kiambishi cha nomino iliyo karibu, usikilize maana. "The boat was cancelled due to strong winds", ukimvalisha boti inakuwa "boti ilitokana na upepo mkali". Umesikia hiyo? Hata mtoto wa madrasa atakuuliza boti inatokanaje na upepo. Imekataa, kwa hivo ni "because of". Sasa jaribu "The cancellation of the boat was due to strong winds", kufutwa kwa boti kulitokana na upepo mkali, ku na ku, imekaa, andika "due to" yako kwa raha.

Kuna kipimo cha Wazungu wenyewe pia, kwamba badilisha "due to" uweke "caused by", ikikubali iache. Ni kizuri na mimi nakitumia, lakini kinataka sikio la Kiingereza, na wengi wetu sikio letu liko kwa Kiswahili, kwa hivo la ngeli linakamata makosa haraka zaidi. Nimewajaribia vijana wa sekondari wanaokuja kuprinti asainmenti hapa, nikiwaambia caused by wananitazama tu, nikiwaambia ivalishe ngeli wanacheka kisha wanarekebisha wenyewe.

Mtu ataniuliza, je hii sheria bado inafuatwa? Nitasema ukweli. Mwaka 1926 kuna Mwingereza anaitwa H. W. Fowler aliandika kwamba kutumia "due to" kama kielezi ni mambo ya watu wasiosoma, na neno lake likashika kweli kweli mashuleni, pamoja na huku kwetu zilikokuja shule zao. Lakini mwaka 1957 Malkia Elizabeth wa Pili alipolihutubia bunge la Kanada, hotuba yenyewe ilikuwa na "due to" ya namna hiyo hiyo iliyokatazwa, imetangulia mbele ya sentensi haina nomino. Na kamusi nyingi za siku hizi zinaikubali kama kihusishi cha kawaida. Kwa hivo ukimuona mwenzako ameandika "cancelled due to" usimcheke wala usimuite mjinga, kakosea kwa kanuni ya zamani tu. Ila ukiniuliza mimi ufuate ipi, nakwambia fuata ya zamani kwenye mtihani, kwenye maombi ya kazi na kwenye barua za ofisini, manake hujui atakayesoma alifundishwa na nani, na hakuna msahihishaji aliyewahi kumkata mtu maksi kwa sababu ameandika "because of" pahali pake.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo ambalo halina utetezi zamani wala sasa. Kijana alikuja na barua ya kuomba kazi ya hoteli, ameandika, "I left my former job due to the contract ended." Mwengine akaandika "because of the boat was late". Baada ya "due to" na "because of" haikai sentensi yenye kiima na kitenzi chake, inakaa nomino. Na hapa tena Kiswahili kimeshakwambia: "kwa sababu" peke yake ni "because", "kwa sababu ya" ni "because of", ile "ya" ndo "of" yenyewe. Hakuna mtu wa Amu anayesema "niliacha kazi kwa sababu ya mkataba uliisha", ulimi unakataa. Tunasema "kwa sababu mkataba uliisha", basi Kiingereza ni "because my contract ended". Ukiitaka kwa nomino utasema "because of the end of my contract", ni sahihi lakini nzito, ya kwanza inapumua. Na wengine wakigundua hilo kosa wanalitibu kwa "due to the fact that my contract ended", sawa sarufi imetulia, lakini umelipa nauli ya watu watano kumsafirisha mmoja, "because" ingetosha.

Twende kwenye virai vinavyoelea. Mtu anaandika "Being very sick, the letter was written by my brother", anataka kusema nikiwa mgonjwa sana, barua iliandikwa na kaka yangu. Kwa Kiswahili hiyo haina shida, manake "nikiwa" ina "ni" ndani yake, mgonjwa anajulikana kuwa ni mimi. "Being" haina kitu, iko uchi, kwa hivo Kiingereza kinaangalia nani amesimama baada ya koma na kumvisha yeye ugonjwa, na aliyesimama pale ni barua. Umeandika barua ilikuwa inaumwa. Ukianza na kirai cha namna hiyo hakikisha anayeelezwa na hicho kirai ndo wa kwanza baada ya koma: "Fearing the waves, the passengers waited at Mokowe", walioogopa mawimbi ni abiria, na abiria wako pale pale. Usipomuweka, vunja kirai uandike sentensi kamili, "Because I was very sick, my brother wrote the letter." Na "Caused by strong winds, the boat arrived late" ni hadithi ile ile ya boti kuzaliwa na upepo.

Jambo la pahali pa kukiweka kirai linataka uangalifu hata ukiwa umechagua "because of" yako sawa sawa. Soma hii: "The captain scolded the boy who was crying because of the noise." Kelele zilimliza mtoto, au kelele ndo zilimfanya nahodha akaripie? Hatujui, na anayejua ni mwandishi peke yake. Kama nahodha ndo alikerwa, leta kirai mbele: "Because of the noise, the captain scolded the boy who was crying." Halafu kuna ya kukanusha, hii imeshaleta ugomvi mbele ya meza yangu, wallahi. Bi mmoja aliandikiwa barua ya kumjibu bosi wake, ikawa na "I did not go to Mokowe because of the rain." Yeye alimaanisha mvua ilimzuia. Bosi akaelewa kwamba alikwenda Mokowe, ila si kwa ajili ya mvua, kuna jambo lengine alilofuata huko. Sentensi inabeba zote mbili, na hata Kiswahili "sikwenda Mokowe kwa sababu ya mvua" inabeba zote mbili ukiisikiliza vizuri, sisi tunajisaidia na sauti, karatasi haina sauti. Dawa yake ni ile ile, tanguliza: "Because of the rain, I did not go to Mokowe", weka koma, mlango wa pili umefungwa. Na kama kweli ulikwenda kwa jambo lengine, andika "It was not because of the rain that I went".

Sasa kuna lile la "kwa", ambalo vitabu vya shule havilisemi sana na mimi naliona kila siku. Kiswahili kinatetemeka kwa baridi, kinalia kwa furaha, kinakufa kwa malaria, kinachoka kwa kutembea, kinasifika kwa punda na milango ya kuchonga, kinashukuru kwa msaada, kinanyamaza kwa hofu. "Kwa" moja tu, inafanya kazi zote. Mtu akitaka kuwa mwangalifu anaona kuna sababu hapo ndani, anaitia "because of" kote, inatoka "He died because of malaria" na "Thank you because of your help". Wataelewa, lakini Kiingereza kimegawa hiyo "kwa" vipande vipande na kila kitenzi kimepewa chake. Unakufa "of malaria". Unatetemeka "with cold" na unalia "with joy", yaani hali iliyokujaa mwilini inachukua "with". Unachoka "from walking", kitu kilichokutoa nguvu. Unanyamaza "out of fear", unasaidia "out of kindness", lile lililotoka moyoni likakusukuma. Na sifa, shukrani, adhabu na msamaha vinachukua "for": "Lamu is known for its carved doors", "Thank you for your help", "He was punished for lying". Hizi hazina njia ya mkato ya ngeli, ni za kusoma kitenzi pamoja na rafiki yake, kama unavojifunza jina la mtu na la babake. Ukikosa kabisa kumbuka, "because of" itakuokoa mara nyingi, isipokuwa kwenye shukrani, hapo weka "for" tu.

Mengine napita haraka. "Thanks to" iache kwa heri, "Thanks to the new jetty, loading is faster", usiandike "thanks to the accident" mbele ya wafiwa. "The reason is because" achana nayo, ni kama kusema "sababu ni kwa sababu", andika "The reason is that". Kirai kikitangulia weka koma baada yake, kikija mwisho kwa kawaida koma haihitajiki.

La mwisho lililowahi kunichanganya ni "The boat is due to leave at 7 a.m." Hapo hakuna sababu wala deni, ni ratiba, boti inatakiwa iondoke saa moja. Utaijua kwa kuangalia kinachofuata, ukikuta kitenzi kama "leave" ama "arrive" ni muda, ukikuta nomino ni sababu ama deni. Nomino ikiwa pesa, uliza nani analipwa.

Ile notisi ya boti siku hizi naichapa hivi: "Because of strong winds, there will be no 7 a.m. boat to Lamu today." Na mwenye boti akitaka kichwa cha habari cha herufi kubwa kionekane kutoka mbali, namuwekea "CANCELLATION DUE TO STRONG WINDS", hapo "cancellation" ipo, imesimama mbele ya "due to" yake, punda ana mwenyewe na kamba iko mkononi.